Kadi ya bima mkononi, arosto mwilini!

Msomaji wangu, wiki hii tuyaweke kando yale ya nani kaachwa na nani kaoa kimyakimya. Najua wengi mnataka niendelee na ile mada ya mahari, na nitaendelea nayo, msiwe na wasiwasi. Lakini kuna stori ya dada yangu aliyeko Marekani ambayo imenikaa kooni muda mrefu, na leo naitema.

Dada yangu mkubwa anaishi jimbo la Illinois, lile lenye jiji la Chicago. Hapa Bongo ukisema una ndugu majuu watu wanadhani huko anachota dola kwa beleshi. Wapi! Anasimama kutwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, anapokea maagizo ya madaktari kwenye kompyuta, anahesabu vidonge, anaita majina ya watu. Akirudi nyumbani miguu imevimba kama ya muuza samaki wa Feri.

Ijumaa moja ya mwaka 2017, jioni jioni hivi, akaingia kijana mmoja wa Kizungu, umri kama wangu wa sasa. Nje baridi ya kukata masikio, yeye jasho linamtiririka. Pua inachuruzika, miayo haikatiki, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Wenzake dada wakadhani ni mafua. Dada hakudhani hivyo.

"Mdogo wangu," aliniambia, "nilipomtazama yule kijana nilimwona kaka yetu amesimama pale."

Hapo ndipo stori iliponishika, kwa sababu kaka yetu, yule wa katikati kati ya dada na mimi, alikuwa teja.

Siyo siri tena, na mwenyewe ameniruhusu niandike ili mradi nisimtaje jina. Alianza kuvuta unga akiwa na miaka 19, kijiweni, kete moja ya kuonja, wakati huo mimi niko shule ya msingi. Kilichofuata mnakijua vizuri nyie mnaoishi Magomeni, Manzese na Temeke. Redio ikaondoka. Pasi ikaondoka. Doti ya khanga ya mama iliyokuwa haijakatwa ikaondoka. Mwisho likaondoka godoro alilokuwa analalia yeye mwenyewe. Na asubuhi akiamka hajapata kitu, arosto inamkamata. Wewe usiyejua arosto mshukuru Mungu wako. Ni ule ugonjwa unaomvaa mbwia unga pale mwili unapodai chakula chake: mifupa inauma, tumbo linaendesha, kutapika, joto na baridi kwa wakati mmoja, usingizi hakuna. Mtu mwenye arosto hatafuti starehe jamani, anatafuta nafuu ya saa nne tano tu. Nilishamwona kaka anajigonga kichwa ukutani taratibu, pa, pa, pa, kama fundi anayepigilia msumari, na mama amekaa mlangoni hana la kufanya.

Kwa hiyo dada hakuhitaji kuambiwa na daktari kile alichokiona pale kaunta.

Yule kijana alikuwa ametoka kwa daktari mchana uleule. Ameandikiwa dawa inaitwa buprenofini, imechanganywa na naloksoni, wengi kule wanaijua kwa jina la biashara la Suboxone. Unaiweka chini ya ulimi inayeyuka. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliipitisha mwaka 2002. Yenyewe ni ya ukoo uleule wa afyuni, lakini inafanya kazi nusunusu: inakalia kiti kilekile kwenye ubongo ambacho heroini ingekikalia, arosto inakatika, ila haimlewi mtu mpaka adondoke, na haizimi pumzi kirahisi kama heroini. Ile naloksoni imewekwa makusudi ili mjanja akijaribu kuiyeyusha ajidunge, akione cha moto.

Sasa hapa naomba usome polepole. Dawa hii huwezi kuianza ukiwa ndiyo kwanza umetoka kubwia. Ukiiwahi, inaing'oa heroini ghafla kwenye kile kiti, na arosto inakuja yote kwa mkupuo. Ndiyo maana daktari anamwambia mgonjwa akae saa 12 au zaidi bila kitu, aiache arosto ianze, kisha aweke dozi ya kwanza. Maana yake ni kwamba yule kijana hakuwa anaumwa pale kaunta kwa bahati mbaya. Alikuwa anaumwa kwa maelekezo ya daktari. Amejikaza tangu jana, amefika mpaka mlangoni, kilichobaki ni kupewa mfuko wake akaondoka.

Dada akaingiza agizo kwenye kompyuta. Kule duka linaiuliza bima papo hapo na jibu linarudi kwa sekunde. Jibu likarudi: imekataliwa, kibali kwanza.

KIBALI CHA NINI TENA?

Nilimkatiza dada hapo. "Shikamoo tena dada, hebu rudia. Kijana ana kadi ya bima, anakatwa mshahara kila mwezi, daktari kaandika, dawa ipo kabatini. Kibali cha nini?"

Akacheka kile kicheko chake cha uchovu. "Marahaba. Ndiyo ujue sasa."

Ni hivi. Bima kule ina orodha ya dawa, na baadhi ya dawa imezifunga kwa kufuli. Daktari akiandika mojawapo, bima haitoi hela mpaka ajaze fomu aitume, halafu watu ambao hawajawahi kumtia mgonjwa machoni waisome na kuamua. Fomu zinauliza mambo. Amepimwa mkojo? Anahudhuria ushauri nasaha? Kwa nini dozi hii na siyo ndogo yake? Alishajaribu dawa nyingine ikashindikana? Na hata akikubaliwa, kibali kina mwisho wake, baada ya miezi kadhaa danadana inaanza upya. Fomu nyingi zilikuwa zinakwenda kwa faksi. Faksi, ndugu msomaji, kwenye nchi iliyopeleka watu mwezini!

Jioni ile ofisi ya daktari ilishafungwa. Bila bima, dawa ya mwezi mmoja ilikuwa zaidi ya dola mia moja. Kijana akatoa pochi, akaifungua, akaifunga. Akauliza, "Jumatatu?" Dada akamjibu labda Jumatatu. Akauliza tena, "Jumatatu?" kama vile akiuliza mara ya pili jibu litabadilika. Kisha akatoka.

Kibali kilikuja Jumatano. Dada akafunga dawa vizuri kwenye mfuko, akaupanga kwenye rafu ya wanaosubiriwa. Siku zikapita, mwenyewe haji, dawa ikarudishwa kabatini kama utaratibu wao ulivyo. Dada mpaka leo hajui kama yule kijana yu hai, au alihama, au alikwenda duka jingine. Jina hakunitajia wala hawezi kunitajia, sheria ya siri za wagonjwa kule haina mchezo.

"Sasa dada, si ungempa hata viwili vya kusogezea siku?"

"We mtoto, unataka nifungwe? Ile ni dawa inayohesabiwa kimoja kimoja. Na mimi ni mtu wa kuja, nikiguswa tu karatasi zangu zinaharibika."

Nikanyamaza. Sikuwa na jibu, na bado sina.

Labda unasema, ah, si siku tano tu, avumilie. Huyo ni mtu ambaye hajawahi kukaa nyumba moja na teja. Kwanza, mwenye arosto havumilii siku tano, anakwenda kutafuta kete. Pili, na hili ndilo baya zaidi, mwili ukikaa hata siku chache bila unga unasahau ule uwezo wake wa kuuhimili, kwa hiyo kipimo kilekile cha juzi leo kinaweza kumzimisha. Tatu, Marekani ya miaka hii unga wa mtaani umechanganywa na fentanili, kitu chenye nguvu mara nyingi kupita heroini, chembe kidogo tu kinatosha kuua. Mwaka 2022 watu karibu 108,000 walikufa Marekani kwa kuzidisha madawa, wengi wao kwa fentanili na wenzake. Mwaka 2023 wakawa kama 105,000. Mwaka 2024 idadi ilishuka sana, ikawa kama 80,000, na watu wakashangilia, lakini hebu jaza Uwanja wa Mkapa, watu wote wale, halafu ongeza wengine wa kusimama nje. Ndiyo mwaka mmoja wa nafuu huo.

Na dawa ya kuwapunguza ipo. Mwaka 2018 watafiti wa jimbo la Massachusetts walichapisha uchunguzi wao wa watu waliowahi kunusurika baada ya kuzidisha. Waliotumia methadoni vifo vyao vya afyuni vilikuwa pungufu kwa asilimia 59, wa buprenofini kwa asilimia 38. Kabla ya hapo, mwaka 2015, watu wa Chuo Kikuu cha Yale walijaribu kuwapa mateja buprenofini palepale chumba cha dharura badala ya kuwapa karatasi ya kwenda sehemu nyingine. Baada ya siku 30, asilimia 78 ya waliopewa walikuwa bado kwenye matibabu. Waliopewa karatasi tu walikuwa asilimia 37. Ni ile kumpa mtu leo, akiwa amesimama mbele yako, kabla hajabadili mawazo.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Balaa lote la Marekani lilianzia kwenye vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni, kama OxyContin iliyoingia sokoni mwaka 1996. Mwaka 2017, mwaka uleule wa kijana wetu, waandishi wa ProPublica na New York Times walipekua mipango ya dawa ya Medicare, ile bima ya wazee, wakakuta karibu mipango yote inalipia vidonge vya afyuni vya kawaida, na ni michache sana iliyodai kibali. Yaani cha kukutia shimoni mlango wazi, cha kukutoa kina kufuli.

MAJIMBO YAPANDA ULINGONI

Kwa kuwa bima nyingi kule zinasimamiwa na serikali za majimbo, watu wakaanza kuyabana mabunge ya majimbo yaondoe lile kufuli kwa sheria. Mimi niliyeishia kidato cha nne nimekaa na kamusi nikisoma vifungu vya Illinois mpaka mama akauliza kama nimerudi shule. Kiingereza cha wanasheria ni noma! Lakini kiini chake ni rahisi.

Illinois ilianza na masikini. Mwaka 2015 bunge la jimbo lilipitisha muswada mrefu dhidi ya janga la heroini, ukisukumwa na mbunge Lou Lang. Ndani yake kulikuwa na kifungu kinachosema Medicaid, ile bima ya watu wa kipato kidogo, ilipie dawa zote zilizoidhinishwa za kutibu uteja, bila kibali na bila kusema umetumia sasa inatosha. Gavana wa wakati ule, Bruce Rauner, akaurudisha Agosti akitaka mzigo huo wa Medicaid utolewe, hazina ya jimbo haina hela. Bunge likamgomea. Septemba likapiga kura tena, likapata theluthi tatu... samahani, tatu ya tano ya kura zinazotakiwa (hesabu haikuwa somo langu), na sheria ikapita bila yeye.

Sasa angalia lilivyo jambo la ajabu. Yule kijana wa 2017 angekuwa hana kazi, yuko Medicaid, sheria ilikuwa upande wake. Kosa lake alikuwa na kazi! Bima yake ilikuwa ya kampuni binafsi, na sheria ya 2015 haikuligusa kufuli la huko. Ilibidi isubiriwe sheria nyingine, ambayo Rauner yuleyule aliitia sahihi Agosti 2018, ikaanza kazi Januari 1, 2019. Hiyo ndiyo iliyoziambia bima binafsi zilizo chini ya jimbo: kwa dawa hizi, hakuna kuomba kibali.

New York wao wakafanya kinyume. Mwisho wa mwaka 2019 mezani kwa Gavana Andrew Cuomo ilifika miswada miwili kama mapacha, mmoja unaondoa kibali kwenye bima binafsi, mwingine kwenye Medicaid. Wa bima binafsi akautia sahihi. Wa Medicaid akaukataa kwa hoja ya gharama. Kwa hiyo mwenye kazi nzuri akapata dawa siku hiyohiyo, na masikini akaendelea kusubiri faksi. Ilikuwa mpaka Desemba 2021, Cuomo ameshaondoka na Kathy Hochul ndiye gavana, muswada wa masikini ukapata sahihi. Miaka miwili! Tena miwili ile ya korona.

Maryland iliondoa kibali mwaka 2017. Arkansas, jimbo la kusini ambalo watu wake siyo wa kupenda serikali iingilie biashara, ilifanya hivyo mwaka 2019. Pennsylvania hawakusubiri bunge, mwaka 2018 serikali ya jimbo ilikaa na kampuni saba kubwa za bima wakakubaliana. Na hata kabla ya sheria, mwanasheria mkuu wa New York alishazibana Cigna mwaka 2016 na Anthem Januari 2017, zikakubali kuacha kudai kibali kwa dawa hizi. Hadi sasa majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya namna hii, nyingine kali, nyingine zina matobo ya kupitisha lori.

Niwatendee haki watu wa bima, wasije wakasema nimewapaka matope. Wao wanasema kibali kinazuia daktari mroho kumwandikia kila mtu dozi kubwa, na kinazuia dawa kuishia kuuzwa mtaani. Na kweli, Suboxone inauzwa mtaani kule, hata dada anajua. Lakini watafiti waliowauliza wanunuzi wamekuta wengi wanainunua kukata arosto, yaani wanajitibu wenyewe kwa kuwa mlango wa halali umefungwa. Kwa hiyo kufuli lenyewe linachangia soko linalodaiwa kuzuiwa.

Je, kufuli likiondolewa watu wanapona? Hapa nitakuwa mkweli ingawa inaniharibia stori. Kwenye Medicare, uchunguzi uliochapishwa 2020 ulikuta mipango iliyoondoa kibali iliona maagizo ya dawa yakiongezeka, na kulazwa hospitali kukapungua. Lakini kwenye Medicaid, uchunguzi wa majimbo mengi uliotoka 2023 haukuona ongezeko la maana kwa ujumla. Kwa nini? Kwa sababu kibali hakikuwa kikwazo peke yake. Mpaka mwisho wa Desemba 2022 daktari wa Marekani hakuruhusiwa kuandika buprenofini kwa ajili ya uteja bila ruhusa maalumu ya serikali kuu, na idadi ya wagonjwa wake ilikuwa na kikomo. Halafu kuna maduka yasiyoweka hiyo dawa kabisa, eti haitaki wateja wa namna ile. Ukitoa jiwe moja barabarani na mengine matatu yapo, gari halipiti. Mimi nasema toa, halafu rudi kwa jingine.

KADI ILEILE, SHERIA TOFAUTI

Mwaka 2019 ukaingia, dada akafurahi. Skrini ikaacha kukataa. Wateja wa dawa ile wakawa wanachukua na kuondoka, kama mtu aliyekuja kununua ya minyoo. Halafu siku moja ya mwaka uleule, mwanamke wa makamo, anafanya kazi kiwanda kikubwa, kadi ya bima yenye nembo ileile ya wengine. Dada akabofya. Imekataliwa, kibali kwanza.

Dada akadhani mashine imekosea. Akarudia. Jibu lilelile. Akapiga simu bima, akaweka sauti ya Kiingereza chake kizuri, akawatajia sheria ya jimbo. Yule wa upande wa pili akamjibu kwa upole kabisa: huyu mama hayuko chini ya sheria hiyo.

Kumbe kuna kimbembe cha mwaka 1974. Mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya mafao ya wafanyakazi, inajulikana kama ERISA. Inasema kampuni inayolipia matibabu ya wafanyakazi kwa hela yake yenyewe haibanwi na sheria za bima za jimbo. Kampuni kubwa nyingi ndivyo zinavyofanya. Zinatoa hela zenyewe na kuikodi kampuni ya bima kushughulika na makaratasi tu. Kadi inakuwa na nembo ya bima, mgonjwa anajua ana bima, kumbe mlipaji ni bosi wake. Na hawa siyo wachache, zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa Marekani wanaotibiwa kupitia kazini wako kwenye mipango ya aina hiyo. Illinois ipitishe sheria kumi, hazitawafikia.

Ipo sheria ya nchi nzima ya mwaka 2008 inayotaka uteja na magonjwa ya akili visibanwe kuliko magonjwa mengine, na hiyo inawagusa hata hao. Lakini haikatazi kibali moja kwa moja. Mgonjwa anatakiwa alalamike, athibitishe kwamba kabanwa zaidi ya mwenye kisukari, apeleke makaratasi. Sasa nani mwenye arosto atakaa chini aandike barua ya malalamiko?

Safari hii ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, daktari yuko ofisini. Dada akaacha foleni, akapiga simu mwenyewe kwa daktari, akapiga bima, akangoja muziki wao wa kusubirishia, akahamishwa dirisha hadi dirisha. Meneja anamtolea macho. Yule mama amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mashine ya kupimia presha, mkoba kifuani. Saa tisa kasoro kibali kikaja. Mama akachukua mfuko wake, akatoka bila kusema asante. Dada anasema hakukasirika hata kidogo, alijua mama yule anawahi mahali pa kukaa peke yake aweke dawa chini ya ulimi.

"Lakini mdogo wangu," akaniambia, "mimi siwezi kumpigia kila mtu simu tano."

Mwaka jana kaka alikuwepo nilipokuwa naongea na dada kwa simu, nikaweka spika. Kaka anakunywa methadoni hapa Dar tangu 2016. Huduma hiyo ilianzia Muhimbili Februari 2011, kisha ikasambaa hospitali nyingine na mikoani, na haulipi hata senti. Hakuna kadi wala kibali cha bima, ingawa wasije wakakudanganya kwamba ni mteremko. Kuingia kwake kulichukua muda, alipitia kwanza asasi ya mtaani, akarudishwa, akaenda tena, na mama nauli ilishamwishia. Na ukishaingia, ni kila siku. Sikukuu, mvua, msiba, unakwenda, unakunywa kikombe chako mbele ya muuguzi, unaondoka. Kwa vijana wanaotaka kazi ya kuingia saa moja asubuhi ni kasheshe, na kaka alishapoteza kazi mbili kwa ajili ya foleni ile. Lakini godoro analo. Na ile redio, amenunua nyingine.

Alimsikiliza dada akieleza habari za fomu, faksi, kadi za nembo moja, magavana na sahihi zao. Kaka siyo msemaji. Nilidhani ataniambia Wamarekani ni wendawazimu. Hakusema hivyo. Aliuliza jambo moja tu.

"Dada, yule kijana wa Ijumaa, alirudi?"

"Hakurudi, mdogo wangu."

Kaka akatazama saa. Ilikuwa saa mbili kasoro za asubuhi. Akavaa kandambili, akahesabu nauli, akaenda kunywa kikombe chake.